Majitu ya Ugiriki Katika Nchi ya Wamwera

Wilayani Ruangwa kuna mgodi wa madini ya kinywe uitwao Lindi Jumbo. Kinywe hupangwa sokoni kwa ukubwa wa punje zake bapa, na zile kubwa sana wafanyabiashara huziita "jumbo". Kwa Kiingereza cha leo neno hilo ni kivumishi cha chochote kilichopita kimo cha kawaida, kuanzia ndege hadi pakiti ya sabuni. Mswahili akilisikia likitajwa Ruangwa hushawishika kudai kwamba ni letu, lilitoka pwani hii na sasa limerudi nyumbani.

Wapo waliokwisha kulidai. Tembo aliyelieneza neno hilo duniani aliitwa Jumbo. Alifikishwa kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akauzwa Marekani kwa mwenye sarakasi P. T. Barnum mwaka 1882, akafa mwaka 1885 kwa kugongwa na treni huko Kanada. Kwa kuwa alikuwa tembo wa Afrika, wengi wameandika kwamba jina lake ni "jambo" au "jumbe" la Kiswahili. Hadithi inapendeza. Lakini katika kitabu cha misimu ya Kiingereza kilichochapwa mwaka 1823, "jumbo" tayari limo, kwa maana ya mtu mkubwa, mzito, asiye na wepesi. Tembo yule alikuwa hajazaliwa. Anayetaka kusema kwamba neno ni la Kiswahili sasa ana deni: aioneshe njia ambayo jumbe wa pwani yetu alipita hadi akafika mitaa ya London kabla ya 1823. Hadi deni hilo lilipwe, dai linasubiri.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo wa kulifuata neno hadi lilikotoka. Wasomi wanauita etimolojia. Wenye kuufanya ni wachache, na sifa yao kubwa machoni pangu ni uwezo wa kuikataa hadithi tamu, hata ile inayowasifu wao wenyewe. Mtu wa kawaida akiona maneno mawili yanafanana huridhika. Fundi ndipo anapoanza kazi. Hutafuta mahali pa kwanza neno lilipoandikwa, na mwaka. Hulinganisha sauti moja moja aone kama zinaruhusu undugu. Kisha huuliza maana ilihama vipi, kituo kwa kituo, na kila kituo hukitakia shahidi.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilijengwa hivyo. Wazo lilitoka kwa wanachama wa chama cha filolojia cha London mwaka 1857. Wasomaji wa kujitolea walituma vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na neno, sentensi lilimotumika, jina la kitabu na mwaka. Mhariri James Murray alivipanga katika banda la mabati lililojengwa uani kwake Oxford. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka 1884, na kazi nzima ikakamilika 1928. Murray hakuuona mwisho huo, kwani alifariki Julai 1915, akiwa katika herufi T.

Katika herufi hiyo ndimo lilimo neno ninalotaka tulifuate: "titanic". Kwa Kiingereza ni kivumishi cha kitu kikubwa kupindukia, na limetokana na Watitani, kizazi cha miungu wa visasili vya Kigiriki. Nimelichagua kwa sababu limefika hadi kwenye udongo wa Wamwera, wenyeji wa Ruangwa, na likiwa huko limekutana na mafundi wa aina nyingine.

Shahidi wa zamani ni mshairi Hesiodo, aliyeishi takriban miaka 2,700 iliyopita na kutunga utenzi juu ya nasaba za miungu. Anasimulia kwamba Mbingu, aitwaye Uranos, alimuoa Dunia, aitwaye Gaia, wakazaa watoto 12, sita wa kiume na sita wa kike. Baba aliwachukia watoto wake. Mmoja wao, Kronos, akamvizia na kumjeruhi kwa mundu. Hapo ndipo Uranos kwa uchungu aliwaita wanawe Watitani, na Hesiodo anaeleza sababu: walijivuta kwa nguvu kutenda jambo kubwa, na kisasi kingewafuata. Mshairi amechukua kitenzi "titaino", yaani kuvuta kwa juhudi hadi kitu kikaze, na nomino "tisis", yaani malipo au kisasi, akaviweka vyote viwili ndani ya jina moja.

Ni maelezo mazuri mno, na karibu ushairi wote wa kisa umo ndani yake. Lakini yamekwama kwenye irabu. Katika jina la Watitani, irabu ya kwanza ni ndefu. Katika kitenzi "titaino", irabu hiyo kwa kawaida ni fupi, na Hesiodo mwenyewe ilimbidi airefushe ndani ya mstari ili mchezo wake wa maneno ukubalike. Wasomi wa Kigiriki waliliona hilo, wakasimama hapo. Kwa sikio lililozoea Kiswahili sanifu, urefu wa irabu moja unaweza kuonekana jambo dogo. Lakini Waamu wanajua vizuri kwamba paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa, kwa sababu "p" ya yule mnyama hutoka na pumzi. Anayetafuta asili ya maneno ya Kiamu huku akiipuuza pumzi hiyo atamla paa la nyumba. Basi hukumu juu ya Hesiodo ni hii: alitunga vizuri, ila asili ya neno hakuithibitisha, na wataalamu wa leo bado wanabishana kama neno lenyewe ni la Kigiriki au lilikuwapo katika nchi ile kabla ya Wagiriki.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji mvumilivu huligundua. Hesiodo hakukazia ukubwa wa mwili wa Watitani. Kwake yeye uzito wa habari umo katika uasi wao, vita vyao vya miaka 10 dhidi ya Zeu na wenzake wa mlima Olimpo, na kufungwa kwao chini kabisa ya ardhi. Wenye miili ya kutisha walikuwa kundi jingine, Magiganti, waliozaliwa na ardhi baada ya damu ya Uranos kuidondokea. Hao nao hadithi za baadaye ziliwapiganisha na Zeu. Kadiri karne zilivyopita, vita hivi viwili vikachanganywa, na Watitani wakarithi miili ya majirani zao. Waandishi wa Kilatini waliliita jua Titan, kwa kuwa mungu wa jua alikuwa mtoto wa Mtitani. Ndiyo maana kivumishi "titanic" kilipoanza kuonekana katika Kiingereza cha miaka ya 1650 kilihusu jua. Maana ya ukubwa ilishika mwanzoni mwa karne ya 18. Hapo neno likawa huru kwenda popote. Mkemia wa Kijerumani Martin Klaproth alikuwa ameipa metali moja jina la urani mwaka 1789, kutokana na sayari ya Uranus. Mwaka 1795 akaipa nyingine jina la titani, akawa amewapa baba na wana nafasi katika orodha ya elementi. Kisha ikaja ile meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912 na watu zaidi ya 1,500. Meli pacha iliyoitangulia iliitwa Olympic, kwa jina la mlima wa washindi.

Mtu wa Nachingwea, jirani na Ruangwa, hahitaji meli ili kulielewa neno hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la ekari zaidi ya milioni 3. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukafutwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36, na reli ikafungwa 1962. Ukubwa wa jambo hilo ni "titanic" kwa maana ya kamusi za leo. Lakini ninaposoma habari zake, yale maelezo ya Hesiodo yaliyokosa irabu ndiyo yanayonijia: kuvuta kupita kiasi, kisha malipo. Etimolojia yake ni mbovu, ila hekima yake inasimama Nachingwea bila kuegemea kitu.

Sasa twende Tendaguru, kaskazini-mashariki ya Ruangwa, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alikutana na mifupa mikubwa ikichomoza ardhini. Ulikuwa wakati mgumu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimelipitia eneo hili, misheni ya Nyangao imechomwa 1905, na njaa imefuata nyuma ya bunduki. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kutoka Stuttgart. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Waliochimba ni wenyeji kwa mamia, Wamwera na majirani zao.

Kazi yao inastahili kuangaliwa polepole. Mfupa uliolala takriban miaka milioni 150 una nyufa tele, na ukiuvuta kwa pupa unabaki vipande mkononi. Huondolewa udongo kwanza kwa jembe, halafu kwa kisu, halafu kwa brashi, hadi umbo lijulikane. Kisha hufungwa kwa plasta au udongo, huzungushiwa mianzi, ukawa mzigo unaobebeka. Mwendo wa kufika bandari ya Lindi ulikuwa wa siku nne kwa miguu. Katika miaka mitatu ya kwanza mizigo zaidi ya 4,000 ilipita njia hiyo kichwani na mabegani mwa wapagazi, na hadi mwisho wa kazi zaidi ya tani 200 zilikuwa zimekwenda Ujerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye pia alikuwa fundi wa kusafisha na kuandaa mifupa. Mkono wake ndio uliojua wapi jiwe linaishia na mfupa unaanza, na aliwafundisha wengine.

Jambo moja la kazi hiyo linanivutia kuliko yote. Kila shimo lilipewa herufi au namba, na kila mfupa uliandikwa alama ya shimo ulikotoka. Mfupa uliopoteza alama hiyo ungebaki mkubwa vilevile, lakini usingeweza kujibu swali lolote. Miaka hiyohiyo, huko Oxford, Murray alikuwa akipanga vikaratasi vya herufi T, na kikaratasi kisicho na jina la kitabu na mwaka kwake hakikuwa na kazi. Mafundi hawa hawakujuana, wala sidhani kama waliwahi kusikiana. Walishika kanuni ileile: kitu na mahali kilipopatikana haviachanishwi.

Kisha mifupa ikaanza kupewa majina, na humo Wagiriki wakaingia. Mwaka 1908 Fraas aliwaita wanyama wake Gigantosaurus, yaani mjusi wa Magiganti. Jina likakataliwa. Sheria ya majina ya wanyama hairuhusu jenasi mbili zitumie jina moja, na Mwingereza Harry Seeley alikuwa ameshalitumia tangu 1869 kwa mifupa ya kwao. Magiganti wakatolewa Tendaguru, na wanyama wa Fraas leo wanaitwa Tornieria na Janenschia. Mnyama mkubwa zaidi Janensch alimpa jina mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, akimheshimu Wilhelm von Branca wa makumbusho ya Berlin. Mifupa yake ikasimamishwa huko mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27. Mwaka 1988 Mmarekani Gregory Paul alipendekeza kwamba huyu wa Tendaguru atengwe na ndugu yake wa Marekani kwa jina la Giraffatitan, twiga-titani. Mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa ya wanyama hao wawili, kipande kwa kipande, akaonesha kwamba tofauti zinatosha. Hivyo Watitani wa Hesiodo wakapata makazi katika nchi ya Wamwera, karibu karne moja baada ya Magiganti kufukuzwa.

Tazama sasa nani hakutajwa. Kwa muda mrefu majina ya Tendaguru yaliwaheshimu wakubwa wa Berlin. Mmoja wa wanyama wadogo alipewa hata jina la jenerali Lettow-Vorbeck, mwaka 1919. Wachimbaji walikuwa katika madaftari na picha tu. Lakini kwa kuwa walikuwamo katika madaftari, deni lingeweza kulipwa. Mwaka 2007 Kristian Remes alimpa mnyama mmoja jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Kisarufi ni kazi safi: Kilatini huongeza "i" mwishoni mwa jina la mwanamume, na kwa kuwa Boheti tayari lina "i" yake, zimekaa mbili pamoja. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake walizichunguza upya pingili za mkia zilizodhaniwa muda mrefu kuwa za Janenschia, wakaona ni za mnyama mwingine. Wakamwita Wamweracaudia keranjei, mkia wa Wamwera, na sehemu ya pili inamheshimu Mohammadi Keranje, aliyehusika na kuzichimbua. Kiambishi chetu cha wingi, "Wa-", kimesimama mbele ya neno la Kilatini "cauda", na jina zima limeingia katika daftari la sayansi kwa masharti yaleyale yaliyomtoa Gigantosaurus.

Huko magharibi na kusini mwa Tanzania Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2010 akatangazwa Asilisaurus kongwe, mwaka 2014 Rukwatitan, mwaka 2017 Shingopana, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka, aliyepewa jina la pili la moyowamkia kwa sababu pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Mwaka 2022 akafuata Mambawakale. Ninayapenda majina haya kwa kuwa mtoto wa darasa la nne anaweza kuyapasua mwenyewe na kukuta maana ndani, jambo ambalo msomi wa Athene hawezi kulifanya kwa neno Titan.

Kiswahili, kwa hakika, hakikuhitaji majitu ya kuazima ili kusema ukubwa. Mtu akizidi kimo ni jitu, nyoka ni joka. Pwani ina shujaa wake mwenye mwili wa ajabu, Fumo Liyongo, lakini hatukulifanya jina lake kivumishi, kwa sababu sarufi yetu ina njia nyingine: tunasema nguvu za Liyongo, na habari imekwisha. Na yule wa mita 13 aliyeko Berlin, watu wa Lindi wanamwita mjusi tu, na wabunge wao wanamwita hivyohivyo wanapodai haki yake Bungeni. Wapo wanaolicheka neno hilo kwa udogo wake. Wasilicheke. "Sauros" ya Kigiriki, iliyo ndani ya neno dinosaria alilolitunga Richard Owen mwaka 1842, ni mjusi. Watu wa Lindi wamelifikia neno lenyewe bila kupitia kwa Wagiriki.

Limebaki jina la kilima. Vitabu vya Ulaya vinarudia kwamba Tendaguru kwa Kimwera ni kilima chenye mteremko mkali. Huenda ni kweli, lakini deni la "jumbo" linahusika hapa pia: neno lipasuliwe, shina lioneshwe, sauti zikubali. Je, hiyo "-guru" ni ileile iliyo katika Uluguru? Na "tenda" inafanya nini mbele yake? Msomi wa Berlin au London hawezi kujibu peke yake. Lyndon Harries aliandika sarufi ya Kimwera iliyochapwa mwaka 1950, na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini sarufi si kamusi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa Ruangwa, kwa wanachuo wa ualimu wa Nachingwea, na kwa yeyote mwenye bibi anayezungumza Kimwera. Chukua kikaratasi. Andika neno moja au jina moja la mlima, mto au kijiji, na sentensi nzima kama ilivyosemwa. Chini yake andika nani aliyesema, wapi, na mwaka gani. Usiongeze maana uliyoibuni mwenyewe, hata kama ni nzuri. Vikitimia elfu moja, vipelekeni chuo kikuu chochote chenye idara ya isimu, na mbaki na nakala yenu shuleni.